Filister na Chemchemi Inayopoa

Kwa mwaka mzima Filister alikuwa akiwaambia wageni kuwa chemchemi yake ya moto inakufa, na hakuna aliyembishia. Nani ambishie? Miaka thelathini na miwili ndiye aliyeyapima maji yale kwa kiganja kila asubuhi kabla ya mtu yeyote kutia mguu.

Nilimfikia kutoka Kegonga nikiwa na mama, ambaye magoti yake yamegoma kukunjika. Sikutaka safari ile. Niliona ni upuuzi kumkokota mama mzima kutoka Kuria hadi milima ya Homa Bay, eti akaoge. Kisha tukaingia msituni. Miti ilikuwa imefungamana juu hadi jua likawa linapenya kwa vipande, majani yakidondosha maji bila mvua, na katikati ya mawe meupe ardhi ilikuwa ikipumua mvuke. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Habari za joto la chini ya ardhi nimezifundisha mpaka watoto wakasinzia. Hata hivyo nilivua viatu bila kuambiwa.

Filister, mjane wa mvuvi wa Mfangano, alikuwa akikwangua bala kwenye mawe, yale magadi ya kupikia mboga ambayo huyauza sokoni. Alitupokea kwenye kidimbwi cha juu, si vile vya chini ambamo wageni huoga siku zote.

"Karibuni. Zamani hapa hakuna mtu angeingia. Sai iko tu kama uji ya jana." Akatumbukiza kiganja, akakiacha humo, machozi yakimlengalenga. "Inaisha, dada. Mama anaweza ingia."

"Na huu mvuke?" nikauliza.

"Ni baridi ya asubuhi tu."

Nikaanza kumvua mama sweta. Lakini mama amelea watoto tisa, na hajawahi kuamini maji ya kuoga yaliyopimwa na mtu mwingine. Aliketi juu ya jiwe, akachovya kiwiko, akapiga yowe lililowatimua ndege.

"Wewe! Hii ni maji ya kunyonyoa kuku!"

Filister akautoa mkono wake. Ngozi ilikuwa imeanza kuvimba, naye hana habari. Miaka yote ile ya kukwangua bala kwa mikono mitupu ilikuwa imekiua kiganja polepole, kikafa bila kumuaga.

Nilipandwa na hasira. Hatua moja zaidi na mama yangu angebabuka! Nilifungua kinywa nimfokee, lakini yeye alikuwa amekwisha kupandisha mkono wa blauzi. Alichovya kiwiko kama mama alivyofanya, akaruka. Akachovya tena, makusudi.

"Nyasaye, Mungu wangu! Iko moto!"

Alicheka huku akilia. Mama alikuwa akimwagia mkono maji baridi ya chupa na kumsihi atulie, lakini wapi. Wageni wengine walikuwa wakishuka kwenye kijia, taulo mabegani, naye akawakimbilia akiwapungia mikono yote miwili, ule ulioungua na ule mzima.

"Msiingie!" alipaza sauti. "Haijapoa! Kumbe ni mimi nilikuwa napoa!"

Sijawahi kuona mtu akiipokea habari kama hiyo kwa furaha kubwa namna ile.