Mashine mbili zilizopandana kwenye kota yetu ya reli Tabora, na siku mama mkwe alipolitaja jina langu

Wakuu, habari za humu. Mnaotaka kuniamkia, marahaba mapema kabisa, maana umri umekwenda.

Jana mwenzetu mmoja aliuliza kama mashine ya kufulia na ya kukaushia, zile zinazopandana moja juu ya nyingine, zinafaa kwa nyumba ndogo. Nimesoma comment zote, nikaona na mimi niweke yangu. Niliishi na kitu hicho Tabora enzi za Ujamaa. Mtakachoona kama nimetia chumvi, jueni ndivyo kilivyokuwa.

Nilikuwa fundi umeme wa reli. Kota yetu ilikuwa chumba, sebule na kibaraza cha kupikia, basi.

Mke wangu Zuhura akajifungua mapacha, mvua ndiyo zinaanza. Kulwa alitoka na nguvu zake. Doto alikuja mdogo, unamshika huku unaogopa.

Mama mkwe akaja kutoka Kigwa kumuuguza mwanawe. Akawa analala sebuleni.

Hapa niwaeleweshe vijana. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Humkazii macho, hukai naye chumba kimoja, na yeye hatamki jina lako. Sasa ingiza heshima hiyo ndani ya vyumba viwili! Nikitaka kupita nakohoa kwanza mlangoni, yeye anajifunika kanga na kugeukia ukutani, ndipo nakimbilia chumbani. Akiwa na neno na mimi anamtuma Zuhura: "Mwambie baba Kulwa mkaa umekwisha." Na mimi nimesimama palepale, nasikia.

Shida ikawa nepi.

Watoto wawili, mvua haikatiki, kamba imejaa na hakuna kinachokauka. Tukawa tunakaushia ndani, juu ya jiko la mkaa. Doto akaanza kukohoa. Mkunga alipopita kumwona, alisimama mlangoni akasema, "Moshi huu mtamuua nao mtoto. Na nepi mbichi asivae."

Alipoondoka Zuhura akaniuliza, "Sasa nimchagulie kipi, moshi au baridi?"



Wakati huo kulikuwa na daktari mmoja wa kizungu, mama wa makamo, mkataba wake umekwisha na anafungasha. Nilikuwa nimemtengenezea umeme wa nyumba yake mara nyingi. Nilipokwenda kumuaga nikamweleza habari za mapacha. Akanipeleka stoo.

Mle ndani kulikuwa na mashine kubwa ya kufulia, pana kama kabati, ina beseni mbili. Pembeni zimesimama mbili ndogo, moja juu ya mwenzake. Ya chini inafua, ya juu inakausha.

"Chagua, fundi," akaniambia. "Kubwa, au hizi mbili."

Nikaomba siku moja ya kufikiri. Wakuu, kila niliyemuuliza kazini alisema chukua kubwa. Kubwa ni kubwa! Na mimi moyo ulikuwa huko.

Zuhura hakubishana. Alichukua kanga, akaipima kwenye kona ya sebule, kati ya mlango na kitanda cha mama yake, akafunga fundo pale kona ilipoishia. Akanikabidhi. "Kapime nayo. Ikipita hapa, mama analala nje."

Nilipofika stoo, ile kubwa ilipita fundo kwa mbali. Zile mbili zilikaa ndani ya fundo, kanga ikabaki. Tena kubwa ilikuwa haikaushi, inakamua tu. Nilichukua mbili.

Nikaomba ruhusa kwa msimamizi wa kota, nikavuta waya mnene wa peke yake na fyuzi yake. Maji nikayaleta kwa mpira kutoka bomba la uani. Mvuke wa ile ya juu nikautoa dirishani kwa bomba la bati.

Siku ya kuwasha, kota zote zilihamia kwetu. Balozi wa nyumba kumi naye akaja, kofia mkononi. Aliniuliza taratibu, "Ndugu Ramadhani, huu si ubwanyenye?" Nikamwambia ni nepi tu, balozi. Akainama kwenye kile kioo cha duara, akaona nepi zinazunguka ndani ya povu. Hakuuliza tena. Alisema tu, "Lahaula!"

Wote tukawa tumeinama tunatazama kioo.

Mashine ikafika kwenye kukamua. Ikaanza kutetemeka. Sakafu yetu ilikuwa na mteremko kidogo, na ile ya juu nilikuwa nimeiweka tu juu ya kipande cha mpira. Ikaanza kutambaa. Sisi macho yote chini.

Doto alikuwa amelala kwenye kitanda cha bibi yake, kichwa kimeelekea kona ileile.

Mama mkwe, aliyekuwa pembeni amejifunika kanga, peke yake ndiye aliyeinua macho. Kanga ikamdondoka, akaruka, akaizuia ile mashine kwa viganja na kifua, nusu yake ikiwa tayari hewani. Akapiga kelele:

"Ramadhani! Kata umeme!"

Mpaka leo naisikia sauti ile.

Nikakata umeme, nikaruka nikashika upande wa pili. Zuhura akamnyakua mtoto. Tukasimama pale mimi na mama mkwe, uso kwa uso, mikono yetu imegusana, mbele ya watu wote. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona usoni. Kumbe Zuhura ni yeye mtupu.

Tulipoishusha, nikaanza kumwomba radhi. Akaokota kanga yake.

"Mtoto kwanza," akasema. "Heshima tutairudia."

Kesho yake nikasawazisha sakafu kwa saruji, na ile ya juu nikaifunga ukutani kwa vyuma. Ilipokauka saruji tukawasha tena. Nje mvua inamwaga hata ng'ambo ya ua huoni. Nikafungua mlango wa juu, nikampa mama mkwe nepi moja.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaiweka shavuni. Akaitazama mvua, akaitazama nepi.

"Wanangu," akasema, "jua mmelifungia humu ndani?"

Hakuna aliyecheka. Hata mimi fundi, ninayejua waya unapotoka na unapokwenda, nywele zilinisimama.

Jiko likarudi kibarazani. Kikohozi cha Doto kikapungua, kisha kikaisha. Wenye vichanga kwenye kota wakawa wanaleta nepi zao mvua ikizidi, kwa zamu, na balozi ndiye aliyepanga zamu.

Mama mkwe alipoondoka aliomba nepi moja ya moto. Akaifunga kwenye kanga, akapanda nayo treni. Aliporudi kututembelea baadaye alitusimulia, na safari hii akiniambia mimi mwenyewe: "Niliikalia njia nzima isipoe. Nafika Kigwa, naifungua, imepoa. Nawaeleza, wananiambia mbona kitambaa tu!"

Basi alikuwa amekuja na mashahidi. Wanawake watatu wa kijijini kwake, wameshuka naye treni, wamevaa vizuri kama wa harusini. Haikuwa hata msimu wa mvua. Zuhura akalowesha vitambaa makusudi, akafua, akakausha, akafungua mlango.

Mmoja wao, mama mtu mzima, aliweka kitambaa chake usoni akafumba macho. Tulingoja akirudishe. Hakurudisha, na hakuna aliyemdai.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza: zinafaa. Pima kona kabla hujapenda mashine. Sawazisha sakafu, funga ya juu ukutani, mvuke upate pa kutokea. Na mpe nafasi ya kuchagua yule anayefua, si yule anayependa vikubwa.

Nimefika hapo. Mliowahi kuona chombo kikiingia nyumbani kwa mara ya kwanza, iwe friji, iwe redio, yenu yalikuwaje? Nipo, nasoma polepole.