Zita na Ng'ombe Waliopiga Mpira

Zita hakuwahi kumkamua ng'ombe, wala kumfukuza kwenye mahindi ya mtu. Alizaliwa kambini, Tanzania. Wazazi wake walikimbia Burundi wakawaacha ng'ombe nyuma na kubeba majina yao tu. Jioni baba yake alikuwa akiyataja majina hayo moja moja, kama mtu anayeita watoto waje kula. Zita aliyasikia yote, hakushika hata moja.

Majina ya kushika aliyapata Louisville, Amerika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia viti kwenye uwanja wa timu ya chuo inayoitwa Korongo, timu ya futiboli ya Kimarekani. Mwanzo aliuona mchezo ule ni fujo tu. Wanaume wakubwa kama makabati wanagongana, wanaanguka, wanaamka, wanapanga foleni, wanagongana tena. Mpira wenyewe una umbo la papai na wanaubeba mikononi. Basi siku moja, amesimama na ufagio wake, akamwona kijana mwembamba aliyekuwa amekaa benchi muda wote, nguo safi kama anakwenda kanisani. Akaitwa. Mwenzake akalisimamisha papai chini kwa kidole. Kijana akarudi nyuma, akatazama zile nguzo mbili kule mwisho, uwanja mzima ukanyamaza, naye akaja akalipiga kwa mguu. Likaruka, likapita katikati ya nguzo, na watu wakaanza kukumbatiana hata na wasiojuana. Zita alikumbatiwa na mzee mmoja mwenye soseji mkononi, na sosi yote ikabaki kwenye sweta lake.

"Huyo ni nani?" aliuliza.

"Huyo ndiye mpigaji wetu, mama," mzee akamjibu, huku analia.

Tangu hapo Zita alikuwa mtu wa wapigaji. Ukimwuliza nani alirusha mpira, nani alikimbia, atakwambia, "Mmoja wa makabati." Lakini wapigaji aliwajua wote, wa zamani na wa sasa. Waliocheza kabla hajafika Amerika aliwapata kwa wazee wa vitini, waliokuwa wakisimulia huku yeye anafagia miguuni pao. Hata alipohamia kiwandani hakuacha. Wakati wa chakula alikaa na Bagula, Mkongo wa Bukavu, wakafungua ugali wao na kubishana nani alipiga vizuri kuliko nani, mpaka msimamizi akadhani wanagombana.

Sasa, Zita alimlea mtoto wa kaka yake, anaitwa Jovini. Jovini alimpenda msichana wa mji wa Buffalo, anaitwa Nadine, na Nadine alikuwa chini ya baba yake mdogo, mzee Sylveri. Hapo ndipo palipokuwa na mlima. Sylveri alishika mila kwa mikono miwili. Siku ya kuposa, mshenga wa upande wa mvulana lazima asimame awasifu ng'ombe wa mahari, kwa kichwa na kwa mdomo, hata kama ng'ombe wenyewe hawapo. Walipokuja kumposa dada yake Nadine, mshenga alisoma sifa kwenye simu. Simu ikazimika katikati. Sylveri akawaambia, "Rudini mkachaji," na wageni wakaondoka wakati wali bado uko jikoni unafuka moshi. Yule dada aliolewa baada ya mwaka mzima.

"Shangazi, mwaka mzima siwezi," Jovini alisema. "Nitakufa."

"Hufi. Tuna Leopoldi."

Kweli, walikuwa na Leopoldi, jirani yao wa kambini, anayeishi Hilliard, pale Columbus. Leopoldi alijifunza sifa za ng'ombe kwa babu yake, na mdomo wake ungeweza kuuza mchanga jangwani. Mpango ulikuwa mwepesi. Jumamosi watoke Iroquois, mtaa wao wa Louisville, na gari la Bagula, wampitie Leopoldi, wafike Buffalo, na Jumapili baada ya ibada wapose.

Ijumaa jioni Korongo walicheza.

Jumamosi Leopoldi alifungua mlango, shali shingoni, akachezesha midomo. Hakikutoka kitu. Mkewe akasema kwa niaba yake, "Mpigaji wenu alikosa sekunde za mwisho. Huyu akapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa."

Zita alimtazama Leopoldi. Hakuweza kumkasirikia, maana yeye mwenyewe alikuwa amevunja kikombe kwa teke lile lile.

"Ulikuwa upepo," Zita alisema.

Leopoldi akatikisa kichwa kwa nguvu, akaonyesha kwa mkono jinsi mguu ulivyopinda.

"Upepo, kaka. Mguu ulikuwa sawa."

"Shangazi!" Jovini alishika kichwa. "Nani atasema kesho?"

"Bon," alisema Bagula, akifunga mlango wa gari. "Miye mutu wa Congo, hawatanisikia. Leopoldi ni bubu. Jovini hawezi kujiposea. Anabakia mama Zita."

"Mimi? Mwanamke? Na ng'ombe simjui mbele wala nyuma?"

Leopoldi akatoa karatasi ya mkate mfukoni akaandika sifa za ng'ombe mmoja. Zita alizisoma kutoka Columbus mpaka Cleveland. Kila akifika katikati, mwanzo unamtoka. Pembe zinakwenda kwenye mkia, mkia unakwenda kwenye maziwa. Mwisho akaikunja karatasi akachungulia dirishani.

"Afadhali wangeniuliza habari za mpigaji wetu Dudek," alisema.

Bagula akacheka. "Ule wa miguu wazi."

"Alivua kiatu kwenye baridi, Bagula. Novemba. Tulikuwa tumeshakunja mablanketi twende nyumbani."

"Mi napenda ule wa miwani. Oyler. Anapangusa, anapangusa, donc watu wanazimia, yeye anapangusa tu."

"Na Pettibone kwenye theluji?"

Gari zima likapumua. Hata Leopoldi akaweka mkono kifuani. Pettibone alipiga kule Buffalo, theluji inaanguka hata nguzo hazionekani, akawatoa wenyeji, timu inayoitwa Wakata Barafu, kwa teke la mwisho.

"Mimi huwa namfikiria na yule wa kofia," Zita alisema.

"Anaanza tena na kofia," Bagula alimwambia Jovini.

"Yule mfanyakazi aliyeingia na beleshi akasafisha mstari. Ana kofia ya rangi ya chungwa. Nilimwona kwenye televisheni. Wenzake walikuwa wanakwangua tu, yeye alisafisha mpaka majani yakaonekana. Pettibone alipigia palepale. Sasa niambie, yule naye si mpigaji nusu?"

"Mama Zita, ule alilipwa kwa kufagia."

"Hata mimi nililipwa kwa kufagia."

Walibishana mpaka Buffalo. Jovini peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia barabara kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Jumapili nyumba ya Sylveri, karibu na Bailey Avenue, ilijaa mpaka ngazini. Warundi walikaa ndani, majirani wa Kongo wakasimama mlangoni, kwa hiyo ilikubaliwa kusema Kiswahili ili wote wafaidi. Pombe ya mtama ililetwa kwenye ndoo, na mirija yake. Nadine alikuwa jikoni na wasichana, lakini mlango wa jikoni haukufungwa sawasawa.

Mzee Sylveri alikuwa mtu mrefu, suti ya kijivu, uso haujacheka tangu Krismasi. Akasema, "Wageni, mmesema mna ng'ombe. Tuwasikie."

Leopoldi akasimama kwa mazoea, akafungua mdomo. Kikatoka kitu kama mlio wa bawaba ya mlango. Vijana wa nyumba wakabana vicheko. Leopoldi akainama kwa heshima, akamwonyesha Zita kwa mikono miwili, akakaa.

Zita akasimama.

"Mama," Sylveri alisema, bila ukali, lakini bila mlango wowote wazi. "Kwetu mwanamke hasifu ng'ombe. Unajua."

"Najua, mzee wangu."

"Basi kuna mwanaume mwingine?"

Zita akamtazama Bagula, Bagula akatazama dari. Akamtazama Jovini, akaona kijana anakaribia kulia ndani ya tai mpya.

"Mzee wangu," Zita alisema, "mimi sitasifu ng'ombe. Ng'ombe siwajui. Nimezaliwa kambini, nawajua mbuzi wawili na wote walikuwa wezi. Nitasifu wapigaji."

"Wapigaji wa nini?"

"Wa mpira. Wa timu ya chuo chetu. Hao ndio niliowachunga."

Watu wakatazamana. Sylveri akatafuta mila iliyovunjwa, asiione. "Endelea," akasema.

Zita akanyoosha mikono juu, kama alivyokuwa akifanya baba yake jioni, mikono ikiwa pembe.

"Nakutolea Dudek, Peku wa Novemba,
aliyevua kiatu wenzake wakivaa soksi mbili mbili.
Kidole gumba chake ni nyundo ya seremala.
Alipiga tukiwa tumeshakunja mablanketi,
tukayakunjua tena!"

"Eeh," akaitikia bibi mmoja kutoka pembeni, maana sifa ni sifa.

"Nakutolea Oyler, Futa Miwani, mpole wa zizi.
Hufuta kioo hiki, akafuta na kile.
Adui wakamsimamishia saa ili aogope.
Akafuta tena!"

"Eeh!" Sasa waliitikia wengi, na Bagula akapiga makofi huku anasema, "Huyo ni wangu, huyo ni wangu." Vijana walisogea mbele. Jikoni mtu alidondosha mfuniko. Zita alisikia maneno yanakuja yenyewe, hayagongani, mwanzo unabaki mwanzoni. Hakuwahi kujua kwamba miaka yote ile ya ugali na ubishi alikuwa anajaza zizi.

"Nakutolea Pettibone, Mweupe Ndani ya Weupe,
aliyezitafuta nguzo kama kipofu atafutaye mlango wake.
Theluji ilimfunika mabegani, haikumfunika mguu.
Teke lake moja, na Buffalo nzima—"

Hapo akakwama.

Buffalo nzima ilikuwa mbele yake. Vijana wa nyumba hawakuitikia. Mmoja alikuwa amevaa fulana ya Wakata Barafu chini ya koti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa msiba wa zamani kwenye sahani. Leopoldi alijifunika macho. Jovini alisema polepole, "Shangazi, jamani."

Sifa haziachwi njiani, hilo Zita alilijua hata bila ng'ombe.

"Lakini simtoi peke yake," alisema, na sauti ikarudi taratibu. "Ng'ombe hana sifa bila mchungaji.
Namsifu na mtu wa hapa kwenu, wa beleshi, nisiyemjua jina.
Wenzake walikwangua, yeye alisafisha.
Aliambiwa mstari, akaufikisha kwenye majani.
Hakuuliza nani atapigia hapo.
Kofia yake rangi ya chungwa, ndiyo jua pekee tuliloliona siku ile."

Hakuna aliyeitikia. Sylveri alikuwa ameinamisha kichwa, mikono magotini. Zita akafikiri, basi, mwaka mzima.

Mke wa Sylveri ndiye aliyenyanyuka. Akaenda kwenye kabati la makoti, akachakura, akatoka na kofia ya sufu, rangi ya chungwa, imefifia, kishada chake kimebaki uzi mmoja. Akaiweka juu ya kichwa cha mumewe, juu ya suti ya kijivu, akarudi kukaa.

Yule kijana wa fulana akasema, "Baba! Wewe ndiye uliyemsafishia?"

"Niliambiwa nisafishe," Sylveri alisema kwa utulivu. "Nikasafisha vizuri. Mnataka nisafishe vibaya?"

Nyumba ikalipuka. Majirani wa Kongo walikuwa wanapiga milango. Bibi wa pembeni alikuwa anajifuta macho kwa kitenge. Bagula alizunguka akimwambia kila mtu, hata asiyemjua, "Nusu mpigaji! Mama Zita alisema tangu Cleveland! Miye nilikataa!"

Sylveri akainua mkono. Kofia ilikuwa imekaa upande, hakuirekebisha, na uso ule wa Krismasi ulikuwa unatetemeka pembeni mwa mdomo.

"Tangu siku ile," alisema, "watu wananiuliza Wakata Barafu walishindwaje. Hakuna aliyewahi kuuliza nani alifagia." Akamtazama Zita. "Mama, ng'ombe huyo wa tatu nilimchunga mimi. Siwezi kumkataa ng'ombe niliyemchunga mwenyewe. Tumempokea. Nadine ni wenu."

Kutoka jikoni vikaja vigelegele kabla hajamaliza, na Nadine akatoka mbio bila kungoja kuitwa, kiatu kimoja mguuni. Jovini alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Ngoja," Sylveri alisema. "Mila bado. Ng'ombe akija, ndama hurudi. Na sisi tunawapa ndama." Akamgeukia mwanawe wa fulana. "Yule mpigaji wetu mpya anaitwa nani, yule aliyekosa mara tatu Jumamosi iliyopita?"

"Baba, usituaibishe."

"Huyo huyo. Mmlishe. Miguu yake bado laini, lakini ana moyo, na nguo zake safi."

Zita akapiga goti akampokea kwa mikono miwili, hewa tupu, kwa uangalifu kama mtu anayebeba ndama wa kweli. Leopoldi hakuweza kuvumilia tena. Akasimama juu ya kiti ashangilie. Kikatoka kile cha bawaba, kirefu, na nyumba nzima ikaitikia, "Eeh!"