Utitiri Nilioudhani Buibui

Wiki iliyopita nilikuwa Mgogoni kwa dada yangu, akaniita uani nitazame mibilingani yake. Chini ya majani palikuwa na utando mwembamba. "Mie nimeuwacha," akasema. "Si buibui huyu?" Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka.

Nilipokuwa na miaka tisa, bibi yetu alikwenda kambi ya karafuu huko Ole, akaniachia mibilingani sita. Haikuwa ya kula, ilikuwa ya mbegu: mabilingani madogo meupe aliyoachiwa na mama yake. Akiba ya mbegu iliyobaki ndani panya walikuwa wameshaimaliza. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji kisimani kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, na kufukuza kuku. Hata leo nikisikia harufu ya karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi, nakumbuka kamba ya ndoo ilivyonichuna viganja.

Mwalimu wa chuo alitufundisha kwamba buibui alitanda utando mlangoni mwa pango, akamficha Mtume. Kwa hiyo asiuawe, wala nyumba yake isivunjwe. Nami nilikuwa mshika dini, usinicheke. Nilipoona utando chini ya majani, na ndani yake vidoa vyekundu vinatembea, nilifurahi: watoto wa buibui! Jirani alikuja na maji ya sabuni ayaoshe majani, nikamzuia, mikono kiunoni. Nikawa namwagia shinani tu, nisije nikawazamisha.

Majani yakaingia vidoadoa vya njano, yakakauka, yakapukutika. Bibi aliporudi, vidole vyeusi kwa kuchuma karafuu, alikuta vijiti. Nilingojea bakora. Yeye alichukua jani la mwisho, akalikung'uta juu ya mtandio wake mweupe, akavisugua vile vidoa kwa kidole. Vikaacha alama nyekundu.

"Huyu si buibui, mwanangu. Huu utitiri. Buibui hukaa pekeye, awinda nzi, jani halimhusu. Hawa wakaa ukoo mzima, na wanyonya jani lenyewe."

Utitiri niliokuwa nikiujua mimi ni wa kuku. Akanionesha buibui wa kweli kwenye ua wa makuti, kiuno chembamba, miguu mirefu, akatoka mbio tulipomkaribia.

Jirani alipouliza mibilingani imepatwa na nini, bibi alijibu, "Jua lilikuwa kali." Nilimpenda sana kwa hilo, na sikuwahi kumwomba radhi.

Basi pale kwa dada nikakung'uta jani juu ya karatasi, vidoa vikatembea. Tukayaosha majani yote kwa sabuni, tukamwacha buibui mmoja mnene aliyekuwa uani. Mibilingani yake itapona. Ni ya zambarau, mbegu za paketi kutoka dukani. Yale meupe nimeyauliza kila soko nililopita, hayapo. Na bibi alifariki akiwa bado analisingizia jua.