Mlango Uliopimwa kwa Gunia

Shikamooni wazee, na wenzangu wa ghala hili hamjambo. Mmeniita niwasimulie jinsi mguu wangu ulivyokatwa, nami nimekuja na magongo yangu.

Zamani nilikuwa mtu wa mbio. Kwetu Kitangari kisima kiko chini bondeni, na ndoo ya maji nilikuwa naipandisha huku naimba. Wenzangu walisema najidai. Nilijidai kweli, kwa nini niwafiche?

Soko la korosho lilipoachwa huru, mnunuzi mmoja binafsi alijenga ghala Newala mjini, nikapata kazi ya kuchambua korosho. Aliweka mlango ambao hatukuwahi kuuona, wa bati zito, unaopanda na kushuka kwa mota ukibonyeza swichi. Watu walitoka vijijini kuja kuutazama tu.

Fundi aliyeufunga aliacha maagizo. Kila mwezi ulazwe ubao mwembamba sakafuni, mlango ushushwe. Ukigusa ubao, lazima urudi juu. Usiporudi, uzimwe mpaka aje mwenyewe. Majibu yaandikwe na kutiwa saini. Mtunza ghala wetu, Baba Hamisi, alikuwa mtu mwema, lakini pale kila kitu kilikwenda kwa gunia. Tulikalia gunia, tulikingia upepo kwa gunia, hata vijana walishindana nguvu kwa gunia. Basi na mlango akaupima kwa gunia la korosho lililosimama. Ulishuka, ukagusa kichwa cha gunia, ukarudi juu. Tukapiga makofi. Akaandika kwamba mlango ni mzima, na kila mwezi akafanya vivyo hivyo.

Gunia lililosimama linanifika kiunoni. Hakuna aliyejua kwamba mlango ule ukikaribia sakafu haukuwa unahisi kitu tena.

Jioni moja korosho zilikuwa zimemwagika mlangoni. Kwetu korosho haiachwi chini, mtoto akiiruka anachapwa. Nikakaa kama tunavyokaa wanawake wa kwetu, miguu nimeinyoosha, nikaanza kuokota. Mguu wa kulia ulikuwa umevuka kizingiti. Baba Hamisi alikuwa ndani, magunia yamemziba, akabonyeza swichi ili afunge. Niliuona mlango ukishuka. Sikukimbia, ndugu zangu. Niliendelea kuokota, maana nilijua utanigusa na kurudi.

Haukurudi. Nilisikia mfupa ukilia, ndipo maumivu yakaja. Mota iliendelea kunguruma na kukandamiza mpaka wanaume wakauinua kwa miti. Mguu ulikuwa umebonyea chini ya goti, damu imechanganyika na korosho.

Walinilaza kwenye pikapu, tukateremka mlima hadi hospitali ya misheni. Kila shimo la barabara nililijua kwa mguu. Waliusafisha, wakaufunga mbao, wakasema watajaribu. Lakini vidole vilianza kuwa vyeusi, kisha ukaja uvundo. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba ahamishwe. Nilijinusa mwenyewe nikatapika.

Daktari alisema, "Mama Zuhura, mguu umekufa. Tusipoukata utaondoka na wewe."

Nikamwambia niache niondoke nao. Mume wangu, Baba Zuhura, aliinamisha kichwa akalia, na kilio chake kilinikatisha tamaa kuliko maneno ya daktari. Nilitaka kufa, na sikuwa natania.

Ndipo mama mkwe wangu akafika na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya kwetu. Nilimwamkia huku nimegeukia ukuta, jambo ambalo kwetu ni kama tusi. Nikamwambia, "Mama, nani atapanda na maji? Mwanao ataoa mwingine."

Akasema, "Akioa atakaa na huyo wake. Mimi nitakaa na wewe. Daktari, ukate huo mguu."

Wakaukata. Kidonda kilitoa usaha, homa ikanitikisa kitanda kizima. Vidole visivyokuwepo viliniwasha nikatafuta pa kukuna. Nilikataa chakula, na mama mkwe akawa anatafuna ming'oko kwanza, kama kwa mtoto, ananitia kinywani. Nilimchukia kwa kunilazimisha kuishi. Homa ilichelewa kushuka, lakini ilishuka. Siku niliyosimama kwa magongo nilianguka, yeye akacheka, nami nikacheka huku nalia.

Baba Hamisi alikuja akaketi sakafuni. "Mama Zuhura, mimi ndiye niliyeandika kuwa ni mzima."

Nikamjibu, "Uliandika ulichokiona." Hakuweza kuniangalia.

Namshukuru Mungu, madaktari, na yule bibi ambaye mpaka leo ananichotea maji. Na wewe uliyelala hospitali ukiomba kufa, nakuelewa, lakini kula kwanza. Hujafa hujaumbika, mtu asikucheke. Na mkipima mlango, pimeni pale chini mtu anapoweza kulala, si pale gunia linapofika. Ukikataa kurudi, andikeni kwamba umekataa, kisha uzimeni, hata tajiri akinuna.

Nimekuwa nikiutazama mlango wenu huu nyuma yangu tangu nilipoanza kusema. Nimeuliza umepimwaje, kila mtu akamtazama mwenzake. Basi sikai. Nileteeni ubao.