Magoti ya Mama na Mizizi ya Mchina

Nilimpeleka mama mmoja wa kanisa letu, Mkongomani wa Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi huku ughaibuni, kwenye duka la dawa za Kichina kule mji jirani wa Richardson. Baridi yabisi imemkaa magotini. Mimi nilikuwa dereva na mkalimani.

Mzee wa duka aliyabonyeza magoti, akaziona sugu nene, akauliza kwa Kiingereza, "Kazi yake ni kupiga deki?"

Nikatafsiri. "Ninasali," mama akajibu. "Saa mbili nzima kila asubuhi. Ninamuomba Mungu aponye haya magoti."

Mzee akapima mizizi na magome, akaeleza: vikombe vitatu vya maji vichemke mpaka kibaki kimoja. "Na wiki sita asipige magoti."

"Sasa uponyaji nitauomba nimekaa?"

Mzee alifunga kifurushi bila kuinua macho. "Kwani Mungu wake hamsikii mtu aliyekaa?"

Hilo sikulitafsiri.

Wiki sita baadaye mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alikunja goti, akalikunjua, akasema Yesu amemponya. Mizizi hakuitaja, ingawa gari langu linanukia mizizi hiyo mpaka leo. Mchungaji akataka tupige magoti kushukuru. Mama alishuka wa kwanza, akashukuru kuliko sisi wote. Kumwinua kulihitaji wahudumu wawili.

Sina ugomvi na maombi, wala na mizizi. Lakini Jumatatu simu ililia kabla sijanywa chai.

"Mwanangu, yule Muchina anafungua saa ngapi?" Akashusha sauti. "Akikuuliza, umwambie nilikuwa napiga deki."