Mbwa wa Mjerumani na bakuli langu

Jamani, leo nimemwaga maji ya kunywa katikati ya pori, tena kwa mikono yangu mwenyewe!

Tulitoka Kondoa tumebeba mizigo ya Mjerumani mmoja. Ana mbwa. Mbwa habebi kitu, ila usiku analala hemani. Sisi wapagazi tunalala nje.

Jioni hii tumepiga kambi karibu na Haneti, kumbe kisima kimekauka. Mimi na mwenzangu Ndahani, Mgogo, tumebakiwa na bakuli moja la maji. Nageuka kidogo kukung'uta vumbi, narudi, mbwa kashazamisha ulimi!

Hasira zikanipanda. Nikamwaga yote.

Ndahani akaniuliza, "Sasa hapo umemkomoa nani?"

Mnajua kwetu Waislamu: mbwa akilamba chombo, kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Udongo upo tele. Maji je? Nikawa nakaa, nasimama, nakaa tena, koo limekauka.

Mara mbwa akashuka korongoni, akaanza kufukua mchanga kama kichaa. Ndahani akamfuata, akachimba naye.

Maji hayo!

Wenzangu wamekunywa huku wanacheka. Mimi nimechota kwenye shimo hilohilo, nikaosha bakuli mara saba, nahesabu kwa sauti. Mbwa kakaa pembeni, ananitazama tu.

Ndahani hakuniacha: "Osha, ndugu yangu, osha. Ila hayo maji kakutafutia yeye, na kayaonja wa kwanza."

Nyie mliosoma dini chuoni, hukumu yake ni ipi?

Msiharakishe kujibu. Nimeshakunywa.