Mlango wa Pafu

Nakumbuka siku moja huko Kyarumba, mwanangu, nikiwa na kisu mkononi na haraka kichwani. Wakwe walikuwa wamepanda mlima na mbuzi wa mahari ya dada yangu Masika, na mmoja wa mbuzi hao alikohoa njia nzima. Mjomba akakunja uso. Kuletewa mgonjwa ni dharau, alisema. Mbuzi wote warudi kwao, na Masika abaki nyumbani. Babu akamtuliza: achinjwe huyo huyo, mapafu yapulizwe. Yakijaa yote, ni mzima. Yakibaki na sehemu ngumu isiyopanda, mjomba ana haki yake.

Kazi ya kuyatoa nikapewa mimi, Biira, mdogo wake bibi harusi. Niliambiwa niyaache na koo lake. Lakini haraka haraka haina baraka: niliyakata palepale yanaposhikana na koo, koo likaanguka kwenye majivu, mbwa akaondoka nalo.

“Sasa tutapulizia wapi?” mjomba akafoka. “Huyu mutoto ameharibu kesi!”

Masika alisikia akiwa jikoni, akaanza kulia. Babu hakunifokea. “Umekata njia,” alisema, “lakini mulango iko bado kwa nyumba. Tafuta.”

Nikaligeuza pafu moja. Upande wa ndani, ule unaoelekea moyo, nikaona pahali padogo kama kitovu. Nilisahau hata kuogopa. Pafu kubwa vile, kumbe kila kitu kinaingilia hapo tu! Tundu moja lilikuwa na ukuta mnene. Hilo, alisema Babu, huleta damu kutoka moyoni. Mengine yalikuwa na kuta nyembamba, yamelala, hayo huirudisha. Kando yake vilijibanza vinundu vya kijivu kama maharage.

“Na hivi ni vya nini?”

“Hiyo sijui,” alisema Babu, naye akainama kutazama.

Tundu lililobaki lilikuwa wazi, gumu kwa gegedu, halikubali kufungwa hata nikilibana. Hilo ndilo la hewa. Nikakata bua la jani la mpapai, nikalichomeka humo, nikampa Babu apulize. Akashika kifua chake.

“Pumzi yangu ilibaki kwa mugodi, kwa vumbi. Puliza wewe.”

Nilipuliza. Pafu likapanda, likawa la waridi ncha hadi ncha, na la pili vivyo hivyo. (Daktari wa mifugo angetufokea sote, usiige.) Mjomba akaligusa kila pahali, kisha akaomba sahani ya nyama. Kumbe mbuzi alikohoa vumbi la njia tu. Masika yuko kwa mumewe Bugoye mpaka leo, na wajukuu wamemjaa.

Lakini mimi, mwanangu, nilikuwa nimemwona Babu akikaa chini kila kona ya mlima ule, na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Niliyajua matundu ya pafu la mbuzi kabla ya kukijua kifua cha babu yangu. Hilo linaniuma bado.

Sasa unashuka Kasese kusomea uuguzi. Kabla ya kukata, uliza kinachopita hapo, maana kuuliza si ujinga. Vile vinundu vya kijivu, ukiambiwa kazi yake, uje unieleze. Nangoja tangu ujana. Na ukimsikia mtu wako anahema, muulize siku hiyo hiyo.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka, na pumzi ya kuupanda mlima huu urudi kwetu.